Kufukuza walomba-lomba ku Kolwezi: tunawafukuza kwenda wapi?

Siku ya mushahara bisi yetu ikikaribia mjini inakwenda polepole. Malori ya madini yako mbele, vumbi iko juu, na pale kwenye njia panda watoto wanatoka kila upande. Wale watoto wanajua kalenda kuliko sisi. Katikati ya mwezi wanaona gile zetu za rangi ya machungwa na hawahangaike. Tarehe za mwisho wanakimbia pembeni ya bisi na kugonga vioo: "Papa, mia tano! Papa mukubwa, mia tano tu, ya mukate!"

Siku moja mimi nilikuwa upande wa dirisha. Mutoto mmoja, miaka tisa hivi ao kumi, aligonga mbele ya uso wangu mara tatu. Nilikuwa na hasira za mambo mengine, tulitoka kwenye mazungumuzo ya prime na hatukupata kitu. Nikafungua kioo na kumwambia maneno mabaya. Nilimwita shege, nikamwambia atoke pale mbele polisi haijafika. Hakukimbia. Aliniangalia tu, kisha akasema:

"Papa delege, mi njo mutoto ya ule mwenye mulikuyaka ku kilio yake."

Akataja jina. Nilifunga kioo. Wenzangu ndani ya bisi walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, sababu nao walilijua lile jina. Yule baba alikuwa anaendesha mashine pamoja na siye, kwa kontra ya sutretansi. Kontra ikaisha, akakaa miezi bila kitu, kisha akaingia kwenye mashimo pamoja na wakrezere. Udongo ulimwangukia. Kwenye kilio ni mimi nilisimama kusema kwa jina la sendika. Nilisema hatutaacha familia. Watu walipiga makofi. Hiyo ilikuwa mwaka na miezi kabla ya mutoto kugonga kioo changu.

Ndiyo maana naandika habari hii, si kwa sababu mimi ni mutu muzuri.

Ku Kolwezi maneno ya kusafisha barabara yanarudi kila wakati. Mukubwa fulani anatazamiwa kutoka Kinshasa, ao wageni wa mkutano wa migodi wanafika, na mara moja unasikia: mashege watoke, walomba-lomba watoke, mji wetu ni makao ya jimbo tangu 2015, haifai kuonekana namna hii. Mbele ya alimantasio kubwa na restora za Wachina, walinzi wanawasukuma ng'ambo ya barabara. Kisha mgeni anarudi kwao, walinzi wanachoka, na siku ya tatu watu ni walewale pale pale.

Nawaelewa wale wenye kutaka watoke. Bibi yangu mwenyewe alinyang'anywa saki ku Manika na kijana ambaye miaka miwili mbele alikuwa anaomba pale pale kwa mkono wazi. Mama mwenye kuuza ndizi anasema hawa watoto wanafukuza wanunuzi. Si uongo. Lakini mbele ya kufukuza mutu, umuangalie kwanza ni nani.

Mimi nimechukua Jumamosi tatu kutembea na delege mwenzangu kuanzia kwetu Musonoi mpaka katikati ya mji, kuangalia nani anaomba wapi. Hatukuandika hesabu, siye si wataalamu. Lakini tuliona.

Wa kwanza hawakuwa watoto. Walikuwa wazee. Mbele ya benki, asubuhi ya mapema, kuna wababa wamekaa kwenye ukuta na mashati yaliyopigwa pasi, viatu vimepakwa rangi. Ukipita wanakusalimia kwa heshima: "Jambo sana, mwana." Hawanyooshi mkono. Wanakuuliza kwanza uko kwenye kampuni gani, baba yako ni nani, alifanya kazi sehemu gani. Kisha, kama umekawia kidogo, sauti inashuka: "Ikiwa unaweza kunisaidia na ya transport tu." Mmoja alivaa kofia yake ya kazi ya zamani, ile ya plastiki, rangi imekwisha kabisa. Mwenzangu alimpa elfu mbili. Mzee alizikunja, akaziweka ndani ya kofia, akaivaa tena, akatuombea baraka.

Hawa wazee wengi ni wa ile "départ volontaire". Vijana wa leo hawajui jambo hili vizuri. Paa la mgodi wa chini wa Kamoto lilianguka mu Septemba 1990. Mwaka uliofuata nchi nzima ikaporwa, na mu 1993 ndugu zetu wa Kasai wakafukuzwa Katanga, wengi wao mafundi wa kwanza, walilala siku nyingi kwenye stesheni ya Kolwezi wakingoja treni. Gécamines ambayo mu miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400.000 kwa mwaka ilifika mahali pa kushindwa kulipa watu wake. Mu 2003 na 2004, kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walipewa kitu kwa mara moja na kuambiwa kazi imekwisha. Walisema ni kwa hiari. Mutu ambaye amekaa miezi na miezi bila mushahara, umwekee dola kidogo mezani na kalamu, halafu useme ni hiari! Wengine walinunua kinu, wengine pikipiki, wengine walilipa madeni ya duka, na zikaisha. Wenye kuishi bado ndio wale wa kwenye ukuta wa benki.

Wa pili ni vilema na vipofu. Ijumaa wako karibu na musikiti, Jumapili kwenye makanisa. Kipofu anashika bega la mutoto, na yule mutoto haendi masomo kwa sababu yeye ndiyo macho. Ukimtosha mutoto barabarani umemfungia kipofu ndani ya nyumba. Sikusikia hata siku moja mukubwa anayetaka kusafisha barabara akiongea juu ya jambo hili.

Wa tatu ni wamama. Hapa muwe waangalifu, sababu si kila mama anayeomba ni mlomba-lomba. Mama wa mapasa anayepita akiimba na kukusanya kitu kwa ajili ya watoto wake wawili, hiyo ni desturi ya wazee, haina haya, na mwenye kumnyima anaogopa nafsi yake. Polisi kijana aliyezaliwa juzi hawezi kutofautisha.

Kuna na wa nne, na hao hakuna mutu anapanga kuwapakia kwenye lori: wale wenye uniforme kwenye barrière. "Chef, ya maji." "Papa, wikendi iko aje?" Ikiwa siku moja kuomba kwenye barabara ya Kolwezi kutakatazwa, mimi naomba waanzie pale.

Kisha watoto. Tuliongea na kumi na saba kati yao, mwenzangu aliwanunulia beignets ili wakae. Hakuna hata mmoja aliyesema yeye hana mutu kabisa. Wote wana mama, ao nkambo, ao shangazi, mahali fulani ku Kasulo, Kanina, Kapata, Musonoi yetu, wawili walitoka njia ya Kamina kwa treni. Wengine wanarudi kulala nyumbani, na feza wanazopata ndizo bunga ya jioni. Wengine hawarudi tena. Watatu walifukuzwa juu ya bulozi: baba alioa mama mwingine, mutoto mdogo akagonjwa, pasta akasema ni mukubwa ndiye anayemkula. Mmoja wa hawa watatu alituonyesha mgongo. Sitaandika nilichoona. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza na kuadhibu kumshitaki mutoto juu ya bulozi. Lakini ni nani kati yetu amekwisha kusikia pasta amefungwa?

Na wengi, wengi sana, walikuwa kwenye migodi mbele ya kuwa barabarani. Hii tulikuwa hatuitazamii. Mukumbuke: mu 2014 UNICEF ilihesabu kwamba watoto kama 40.000 wanafanya kazi kwenye migodi ya kusini mwa Kongo. Mu Januari 2016 Amnesty pamoja na Afrewatch walitoa ripoti juu ya kobalti yetu, dunia ikapiga kelele, kampuni za simu na motokari zikaogopa. Ukuta ukajengwa kuzunguka Kasulo mu 2017, walinzi kwenye mlango, mutoto haingii. Ni vizuri. Mimi nilikuwa kati ya waliosema ni vizuri, na leo pia nasema hivyo: mutoto kubeba mufuko wa mawe na kuosha kobalti ndani ya maji ni haramu. Lakini mutoto yule alikuwa anarudi nyumbani na franga elfu mbili, elfu tatu. Mulango ulipofungwa, njala nyumbani haikufungwa. Kijana mmoja alituambia wazi: "Kule ku mugodi tulikuwa tunatumika. Sasa tunalomba. Kulomba njo kwepesi, lakini batu banatutukana."

Hapo ndipo niliposikia joto usoni.

Wazee wetu wanapenda kusema zamani ku Musonoi hakukuwa mlomba-lomba hata mmoja. Ni kweli, na wacha niseme kwa nini. Union Minière ilipojenga makambi, na kisha Gécamines, kila mfanyakazi alipata nyumba, hospitali, masomo ya watoto, na posho: bunga, samaki, mafuta, kulingana na hesabu ya watoto. Mama alikwenda na kikapu chake na kurudi amejaza. Mimi mwenyewe nilikwisha kushika mkono wa mama kwenye mustari ule, nakumbuka harufu ya samaki kavu. Lakini upande mwingine wa jambo wazee hawaupendi: kambi ilikuwa ya wenye kazi. Kazi ikiisha, nyumba ilirudishwa. Asiye na kazi hakuwa na haki ya kulala ndani ya kambi, na maskini wake waliomba mbali, mu kijiji, mahali ambapo Mzungu wa kambi haoni. Tangu 1896, wakati wa Léopold, kulikuwa amri juu ya wazururaji na waomba-omba: mutu asiye na kazi wala makao aliweza kushikwa na kuwekwa mikononi mwa serikali. Usafi wa zamani ulikuwa na posho, ndiyo. Ulikuwa na ukuta pia. Leo tunatamani ukuta na posho tumeisahau.

Sheria ya sasa inasema vingine. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto, kifungu cha 62, inamtaja mutoto aliyeachwa, anayezurura, anayeomba barabarani, anayeshitakiwa bulozi: inamwita mutoto aliye katika hali ngumu, na inasema ana haki ya ulinzi wa pekee. Haimwiti muvunja sheria. Mwenye kuamua juu yake ni tribinali ya watoto, pamoja na wafanyakazi wa mambo ya jamii. Kwa hiyo polisi akimtupa nyuma ya jeep na kumshusha kilometa thelathini nje ya mji, ni nani hapo mwenye kuvunja sheria?

Watu wa kwetu wanapenda kutaja Kaniama-Kasese. "Wapelekwe Kaniama, walime mahindi." Service National iko kule Haut-Lomami, ilianzishwa wakati wa Mzee Laurent-Désiré Kabila mu 1997, na katika miaka hii ya karibuni vijana wa Kinshasa wale tunaita kuluna wamepelekwa kule kwa mamia. Wanalima, wanafunzwa useremala na ujenzi, wanaitwa "bâtisseurs". Mahindi yao yanafika kwenye masoko, na siye wa Katanga, wenye kungoja bunga ya Zambia kila mara mupaka wa Kasumbalesa ukikohoa, hatuwezi kuyadharau. Sina vita na mahindi. Nauliza mambo mawili tu. Kijana anayekaba watu na kisu usiku, na mutoto wa miaka tisa anayeomba mia tano, ni mutu mumoja? Na anayepelekwa kule, ni judge gani amesoma jina lake? Watetezi wa haki wameuliza hivyo hivyo tangu mwanzo. Mwenye umri wa kutumika na aliyekubali, aende. Mutoto hapana.

Tusifikiri ni siye peke yetu. Ku Dar es Salaam, mu 2016, mkuu wa mkoa Paul Makonda aliwapa ombaomba siku chache waondoke. Waliondoka, wakarudi. Ku Kampala, mu 2019, halmashauri ya mji ilipitisha sheria ndogo: hata wewe mwenye kumpa mutoto feza ao chakula barabarani unaweza kulipa faini ao kufungwa. Watoto wengi kule wanatoka Karamoja, mbali sana, inchi ya ukame na wizi wa ng'ombe. Wanapakiwa kwenye bisi, wanarudishwa kwao, na ukame uko palepale unawangojea, basi wanatafuta gari lingine la kurudi Kampala. Ku Nairobi walianza vizuri kuliko wote: mu 2003 serikali ya Kibaki iliwatoa vijana barabarani, ikawaingiza kwenye mafunzo ya National Youth Service, ikaanzisha mfuko maalum kwa ajili ya familia za barabarani. Vijana wengine walipata ufundi na maisha. Lakini walipohesabu tena mu 2018 walikuta watu 46.639 wanaoishi barabarani katika Kenya yote. Kila mwaka mlango wa kutokea ulitoa watu, na mlango wa kuingilia hakuna aliyeufunga.

Siye mlango wetu wa kuingilia tunaujua. Mu Novemba 2021 shirika la RAID na wanasheria wa CAJJ wa hapa Kolwezi walitoa uchunguzi juu ya migodi mitano mikubwa. Walikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi, 57 kwa mia, wako chini ya sutretansi. Walipiga hesabu kwamba familia ya Kolwezi inahitaji dola 402 kwa mwezi ili kuishi tu, bila kuhesabu dawa, na wengi wa walioulizwa hawafiki hapo. Mutu wa namna hiyo kontra ikiisha, hana akiba ya hata wiki mbili. Anaingia shimoni. Mu Juni 2019 zaidi ya wachimbaji arobaini walikufa kwa siku moja kwenye konsesio ya KCC. Mu Novemba 2025 daraja lilianguka ku Kalando, watu wasiopungua 32. Kila hesabu ya namna hii uizidishe na watoto watano. Na tangu tarehe 22 Februari 2025, serikali iliposimamisha kutoa kobalti inje, na baadaye kuweka kipimo kwa kila kampuni, manegosia wamepunguza kununua, na krezere anarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi sisemi ile amri ni mbaya, bei ilikuwa imeanguka sana. Nasema njia panda iliihisi mbele ya magazeti.

Sasa feza. Watu watasema sendika inataka mambo mazuri lakini feza itoke wapi. Itoke palepale penye malori. Kodi ya migodi mu 2018 iligawanywa namna hii: katika redevansi, 50 kwa mia inakwenda Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komine ao sekta ambamo mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Redevansi ya kobalti ni 10 kwa mia tangu iliposemwa kuwa madini ya strategi, ya shaba ni 3,5. Tena kila kampuni inapaswa kuweka 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu walio karibu. Kuna shule zimejengwa, kuna taa, kuna barabara, tunaziona. Lakini nani amesikia budje ya komine yetu ikisema: wafanyakazi wa mambo ya jamii kiasi hiki, nyumba ya kupokea watoto usiku kiasi hiki, msaada kwa wajane kiasi hiki? Masista wa Bon Pasteur wameshughulika na watoto wa migodi hapa zaidi ya miaka kumi, wanafundisha kusoma, wanafundisha wamama kulima. Banki ya Maendeleo ya Afrika ilitengeneza projeti, PABEA-Cobalt, yenye kulenga watoto 14.850 wa Lualaba na Haut-Katanga. Projeti ina mwanzo na mwisho. Komine haina mwisho, na redevansi inalipwa kila mara.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa mwezi uliopita tuliweka mambo matatu mbele ya delege wote, na wengine walikataa. Kwanza, sendika iombe kiti pale wanapopanga matumizi ya 15 kwa mia na ya 0,3, na iombe mustari wenye jina la watoto na wajane. Pili, kontra ya sutretansi ikiisha, kampuni ilipe kabla mutu hajatoka kwenye geti, na ionyeshe kwamba michango yake ya CNSS imelipwa. Tatu ni ya kwetu wenyewe: kesi ya sendika itoe kitu kwa ajili ya mjane hata kama mume wake alikufa akiwa hana kontra tena. Hii ya tatu ndiyo ilileta kelele. Mwenzetu mmoja alisimama: "Alikuwa haiko tena member. Tutalipa wakrezere wote ba Kolwezi?" Ni swali la kweli, silifichi. Kesi yetu ni ndogo. Tulikubaliana miezi kumi na miwili kisha kuacha kazi, mutu ahesabiwe bado ni wetu. Walipiga kura, tukashinda kwa kura nne.

Nilikwenda kwa yule mama. Anakaa chumba kimoja nyuma ya lupango la watu, si mbali na mahali nilipozaliwa. Nyumba ina nyufa, zile tunazozijua wote wa Musonoi, mugodi ukilipuliwa vikombe vinatetemeka. Nilikuwa nimejitayarisha kusema pole na kueleza. Hakunipa nafasi. Alileta kiti, akafuta vumbi na kitambaa chake, akaniwekea maji, kisha akasema:

"Delege, siku ile mulisema muzuri sana. Batu bote balisema, ule papa anajua kusema."

Tulianza na makaratasi. CNSS inataka cheti cha ndoa, na wao walioana kwa mahari tu, hawakufika komine. Kampuni ile ndogo haikuwa imelipa michango ya miezi mingi. Tuko bado kwenye jambo hilo, shahidi wa mahari wawili wamekufa, wa tatu yuko Dilolo. Kuhusu mutoto, masomo ya primeri ni bure tangu Septemba 2019, lakini yunifomu si bure, madaftari si bure, na mkurugenzi alisema miaka kumi na hajui kusoma, akae darasa la pili na wadogo. Mama alikubali. Mutoto alinyamaza. Nilipokuwa natoka mama aliniuliza kitu kimoja: "Kama jeep ikimukamata, banamupeleka wapi? Nikamutafute wapi?" Nilikwenda komine kuuliza. Huyu alinituma kwa yule, yule alinituma polisi, polisi wakanirudisha komine. Mpaka leo sina jibu la kumpelekea.

Sasa anaenda masomo. Mwalimu anasema hesabu anaijua kuliko wote, hasa ya feza. Lakini Jumamosi hakuna masomo, na bunga ya Jumapili lazima ipatikane. Jumamosi iliyopita bisi yetu ilisimama palepale. Aliniona mbele nimuone. Alinisalimia kwanza, "Jambo, papa delege," akauliza habari za bibi yangu. Kisha akaomba mia tano.